Uliza Presha ya Mafuta Kwanza, Hosipawa Baadaye

Kwenye gereji za Dar zinazoshughulika na Subaru na Toyota za turbo, mteja akishafungiwa kontroboksi mpya, yaani kompyuta ya injini, swali lake la kwanza ni lile lile: inatoa hosipawa ngapi? Sijamsikia bado anayeuliza itafanya nini siku pampu ya mafuta, namaanisha petroli siyo oili, ikichoka katikati ya mlima. Kwa injini iliyoongezewa busti, ile presha ya hewa inayosukumwa na turbo, hilo la pili ndilo linaloamua kama mwakani bado utakuwa na injini au utakuwa na vyuma chakavu na deni la fundi.

Mimi si fundi wa kulala gereji. Kazi yangu ni umeme, magari ni ugonjwa tu. Jioni na wikiendi huwafungia jamaa kontroboksi zisizo za kiwanda: nachora waya, nabana plagi, nakaa na laptopu kiti cha abiria huku mwenye gari akikanyaga. Nimezoea kuwaambia mapema kwamba siku ya kwanza hatutafuti nguvu. Wengine hununa. Wananinunia mpaka siku wanaponipigia simu wakiwa njiani.

Tuanze na kiwanda. Chukua EJ20 ya turbo, injini ya Subaru iliyojaa kwenye Impreza WRX na Forester za miaka ya 2000. Kontroboksi yake ya asili ni nzuri, nisieleweke vibaya. Inapima hewa inayoingia, inajua joto la maji, ina sensa inayosikiliza injini ikigonga. Presha ya mafuta haiijui kabisa. Hakuna sensa ya kuipima. Wahandisi walipiga hesabu zao mezani: regyuleta, vali ya kushikilia presha, itaweka tofauti ya kama bar 3 kati ya mafuta yaliyo kwenye reli (bomba linalolisha nozeli) na hewa iliyo kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia injini), nozeli zinazopuliza mafuta zinafahamika, pampu ina akiba ya kutosha. Basi nozeli ikifunguliwa milisekunde kadhaa, mafuta kadhaa yatatoka. Kompyuta haihakiki, inaamini. Kwa gari lenye turbo yake ya asili, pampu yake ya asili na busti yake ya asili, imani hiyo haina ubaya, na ndiyo maana magari hayo yamezunguka nchi nzima bila mtu kuwaza presha ya reli.

Ubaya unaanzia pale turbo inapobadilishwa. Angalia hesabu. Busti ikiwa bar 1.2, regyuleta lazima ipandishe presha ya reli hadi bar 4.2 ili ile tofauti ya 3 ibaki pale pale. Yaani pampu inatakiwa kutoa mafuta mengi zaidi na wakati huo huo kusukuma dhidi ya presha kubwa zaidi. Pampu yoyote ya umeme, kadiri presha inavyopanda, ndivyo lita kwa saa zinavyoshuka. Kwa hiyo pampu hufanya kazi ngumu kuliko zote dakika ile ile injini inapohitaji mafuta kuliko wakati wowote. Ukisimama gereji gari likiwa linaunguruma taratibu, geji ikasoma vizuri, hujathibitisha chochote. Injini isiyo na mzigo inakunywa kidogo mno, pampu iliyochoka nusu itaimudu bila jasho.

Sasa tuseme tofauti imeshuka kutoka bar 3 hadi 2. Mafuta yanayopita kwenye nozeli hayapungui kwa theluthi, yanafuata kipeuo cha pili, kwa hiyo yanabaki kama asilimia 82. Mtu akisikia asilimia 18 zimepungua anaona si mbaya sana. Lakini kama ulikuwa unaendesha kwenye lambda 0.80 chini ya busti (lambda 1 ni hewa na mafuta kwa uwiano kamili, chini ya hapo mafuta ni mengi), sasa uko kwenye 0.98. Hapo injini ya turbo iliyokanyagwa mpaka chini inapika. Joto la moshi linapaa, mchanganyiko unaanza kujilipukia wenyewe, huko ndiko kugonga, na kwenye EJ kinachovunjika mapema ni ule ukuta mwembamba wa pistoni unaoshikilia ringi. Haivunjiki kwa kishindo cha sinema. Gari linaanza kula oili, moshi wa bluu, kompresheni ya silinda moja inakuwa chini, na mwenye gari anaapa kwamba hakufanya kitu chochote.

Hapa ndipo watu wanaponijibu: "Lakini kaka, nina geji ya lambda." Sawa. Geji ya lambda ni kitu kizuri, na mimi siwashi injini mpya bila sensa ya Bosch LSU 4.9 kwenye bomba la moshi. Ila ielewe inachosema. Inasoma moshi, maana yake inasimulia mlipuko uliokwisha kutokea. Tena inasoma oksijeni. Silinda ikikosa cheche, hewa yake inatoka bila kuungua, geji inasema mafuta ni machache wakati mafuta yalikuwepo tele na tatizo ni koili ya cheche. Na baya zaidi, kontroboksi ikiruhusiwa kurekebisha mchanganyiko yenyewe kwa kufuata lambda, itaficha ugonjwa. Pampu inachoka wiki hadi wiki, kontroboksi inaongeza muda wa nozeli kidogo kidogo, geji inaonyesha namba nzuri ile ile, na wewe unajisifu.

Nitoe mfano wa kitu nilichokiona kwa macho kwenye rekodi. Jamaa mmoja wa Mbezi ana Forester ya turbo, nozeli kubwa, turbo kubwa kiasi, pampu alibadilishiwa na fundi mwingine kabla hatujafahamiana. Nilimfungia kontroboksi na sensa ya presha ya mafuta, nikaweka ulinzi, akaondoka kwenda Mbeya kwenye shughuli ya ukoo. Jioni simu: "Kaka, gari imekata nguvu mlima Kitonga. Taa inawaka. Haivuki elfu tatu na mia tano." Nikamuuliza kama joto la maji liko sawa, akasema liko sawa. Nikamwambia basi apande hivyo hivyo taratibu, asizime gari hapo kwenye kona, malori yatamtengenezea kesi. Akafika Ilula. Mpwa wake alikuwa na laptopu, akachomoa rekodi kwenye kontroboksi akanirushia WhatsApp.

Mwanzo wa mlima, busti bar 1.2, tofauti ya presha bar 3.0, nozeli ziko wazi asilimia 74 ya muda. Kila alipokanyaga tena, tofauti ilianguka kidogo zaidi: 2.9, halafu 2.7, mwisho 2.4. Kontroboksi ilikuwa inaliona hilo na kufidia, nozeli zikafika asilimia 83. Sasa tazama lambda: 0.79 mwanzo, 0.79 katikati, 0.79 mwisho. Mstari ulionyooka kabisa. Mtu mwenye geji ya lambda peke yake angekanyaga hadi kileleni akiwa na amani moyoni, mpaka nozeli zikafika mwisho wa uwezo wake, na kutoka hapo lambda ingeruka ghafla bila kumpa muda wa kuinua mguu. Ulinzi niliouweka ulikuwa unasubiri tofauti ikae kwenye 2.4 au chini yake kwa nusu sekunde. Ikakaa. Busti ikakatwa, mizunguko ya injini ikafungwa kwenye 3,500 kwa dakika, taa ikawaka.

Aliporudi Dar tukafungua tanki. Pampu yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kipande kifupi cha mpira kati ya pampu na mfuniko wake, kisichozidi urefu wa kidole. Aliyefunga alitumia mpira wa kawaida wa petroli, ule wa kupitisha mafuta ndani yake, siyo wa kuzamishwa ndani ya petroli. Ukiuzamisha, ngozi ya nje inakunywa mafuta. Ulikuwa umevimba na kulainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na chini ya klampu palikuwa na mpasuko uliofuata meno ya klampu yenyewe. Presha ikiwa ndogo mpasuko unajifunga. Presha ikipanda unafunguka, mafuta yanarudi ndani ya tanki, hayavuji nje, huoni tone, husikii harufu. Mpira wa kazi hii umeandikwa SAE 30R10 mgongoni. Ukienda madukani Gerezani, hapa Dar, kuuliza, sema unataka wa kuzama, na usiondoke mpaka usome maandishi. Watakuambia "yote ni mpira tu, bosi." Siyo yote.

Sasa nieleze ulinzi wenyewe, maana wengi wanadhani ukinunua kontroboksi ya bei mbaya unakuwa umeshalindwa. Watengenezaji ni wengi: Haltech wapo tangu 1986, MoTeC tangu 1987, Link ya New Zealand, MaxxECU ya Sweden, hata Speeduino ambayo watu wanaiunga wenyewe juu ya Arduino Mega. Hakuna hata moja inayoweza kulinda kitu usichoiunganishia. Sensa ya presha ya mafuta ni kidude cha waya tatu: volti 5, ardhi (upande hasi), na waya wa kurudisha habari unaotoka volti 0.5 hadi 4.5. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya kontroboksi. Nimeona magari yamefungwa kompyuta ya mamilioni na tundu la sensa hiyo limezibwa kwa bolti. Mwenye gari anaonyesha kadi ya dhamana.

Jambo ambalo silegezi kamba: pima tofauti, siyo presha tupu. Ukiweka ulinzi useme "kata presha ikishuka chini ya bar 2.5", kwenye busti ya bar 1.2 reli itakuwa imeshatoka 4.2 na kuanguka hadi 2.5 ndipo kengele ilie, na hapo tofauti ni bar 1.3. Pistoni zimeshakwenda. Ukipandisha namba iwe 3.5 ili ulinde busti, gari litakata hovyo ukiwa foleni Ubungo, kwa sababu bila busti presha halali ya reli ni bar 3 au chini yake. Namba moja haiwezi kutumika kote. Kontroboksi nyingi za siku hizi zinatoa presha ya manifoldi kwenye presha ya reli zenyewe na kukupa tofauti. Ile tofauti inatakiwa iwe mstari ulionyooka, kwenye foleni na kwenye mlima. Ikipinda, kuna kitu.

Pia ifundishe kontroboksi kutofautisha pampu inayokufa na sensa inayokufa. Waya wa sensa ukikatika, kompyuta inaweza kusoma volti 0, na kama imeruhusiwa kufidia bila mpaka itaona presha hakuna na kumwaga petroli kama bomba la DAWASA lililopasuka. Kinyume chake ni kibaya zaidi: sensa ikidanganya kwamba presha ni kubwa, kompyuta itapunguza mafuta kwa nia njema na kukuchomea injini. Kwa hiyo ukiona volti chini ya 0.2 au juu ya 4.8, hiyo siyo presha, hiyo ni waya au sensa: acha kufidia, rudi kwenye bar 3 ya kudhania, busti iwe ndogo, taa iwake. Na hata sensa ikiwa nzima, fidia iwe na ukomo. Sensa yenyewe siifungi moja kwa moja kwenye reli, naipeleka pembeni kwa kipaipu, mtetemo wa injini unaziua mapema.

Swali gumu zaidi ni hili: ukishagundua presha imeanguka, ufanye nini? Hapa nimebishana na watu hadi usiku.

Kukata mafuta kwa silinda zote ni salama kwa chuma, kwa sababu pasipo mafuta hapana moto. Kukata nusunusu ndiko kubaya. Kukata cheche kunasukuma petroli mbichi kwenye bomba lenye moto, inalipuka huko nje, watoto wa mtaani wanafurahi, turbo haifurahi. Kurudisha nyuma muda wa cheche kunapunguza kugonga, lakini kunaongeza joto la moshi ambalo tayari lilikuwa tatizo. Njia ya upole kuliko zote ni kufunga throto, ule mlango wa hewa ya injini, kama gari lina throto ya umeme, na kuachia busti. Busti nayo ina mpaka wake: ukizima solenoidi (vali ya umeme inayoongoza busti) unashuka hadi nguvu ya springi ya westigeti, mlango unaopitisha moshi kando ya turbo, hushuki zaidi. Mwenye springi ya bar 1 akidhani amelindwa kwa kukata busti, bado anakimbia na bar 1 bila mafuta.

Lakini ndani ya gari kuna mtu. Yule jamaa angekuwa anapita lori pale Kitonga, upande wa kulia, basi linateremka mbele yake, halafu kontroboksi ikaamua kulinda pistoni kwa kuzima injini kabisa? Injini inafungwa nyingine. Kwa hiyo kwa gari la barabarani sasa naweka ngazi mbili. Ya kwanza, tofauti ikishuka kidogo, taa inawaka na busti inapungua. Bado una nguvu ya kumaliza kupita. Ya pili, ikishuka sana, mizunguko inafungwa chini, lakini injini inabaki hai, usukani na breki vinabaki na msaada wake. Na ikishakata, isijirudie yenyewe mpaka uzime swichi na kuwasha tena. Bila hivyo presha itapanda mara mguu ukiinuka, ulinzi utaachia, mtu atakanyaga, itakata, atakanyaga. Ukomo wa mizunguko ni salama tu kama unakata mafuta kikamilifu, naurudia kwa sababu kuna aliyenibishia.

Kwa gari la mashindano hali ni nyingine. Hapo dereva amefunga mkanda, barabara imefungwa, na kama mwenye timu ameamua injini ifie kwenye mstari wa mwisho ni pesa yake. Nusu sekunde nayo ni ndefu mno kusubiri kwenye nguvu kubwa. Ila kwenye kona ndefu za vumbi tanki likiwa robo, mafuta yanahamia upande mmoja na pampu inavuta hewa kwa kitambo kidogo. Tanki la Subaru lina mabonde mawili, na mafuta ya bonde la pili yanavutwa na mkondo wa mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini; ukikanyaga muda mrefu kinachorudi ni kidogo, kwa hiyo hata kinachovutwa ni kidogo. Dawa yake ni tanki dogo la akiba lenye pampu yake, siyo kulegeza namba za ulinzi hadi zisipige kelele.

Kuna upande wa pili wa ulinzi wa mafuta ambao hauhusu pistoni hata kidogo, na ndio unaonitisha zaidi. Kontroboksi yoyote ya maana, ya kiwanda au isiyo ya kiwanda, inawasha pampu sekunde chache ukifungua swichi, halafu inaizima kama injini haizunguki. Sababu ni ajali. Gari limepinduka, injini imezimika, bomba la mafuta limekatika juu ya turbo iliyowaka; pampu lazima isimame. Sasa nenda ukaangalie magari mangapi mtaani yamevutiwa waya wa pampu moja kwa moja kutoka kwenye swichi, kwa sababu siku moja relei ilikufa na fundi alitaka kumaliza kazi kabla ya magharibi. Gari linawaka, mteja anafurahi, analipa. Pampu hiyo itaendelea kusukuma petroli hata injini ikiwa imelala ubavu. Gari likija kwangu na waya wa hivyo siendelei na kitu kingine, hata kama mwenyewe alikuja kuongeza busti tu. Relei mpya, fyuzi ya kiasi chake, waya mnene kutoka kwenye betri, na amri ya kuwasha itoke kwenye kontroboksi. Huo waya mnene una faida nyingine: pampu inayopata volti 11 badala ya 13.5 inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na watu wananunua pampu mpya wakati ugonjwa ni waya mwembamba na ardhi yenye kutu.

Pampu feki nitazipitia haraka. Walbro ya lita 255 inaigwa kila kona ya dunia na Kariakoo haijaachwa nyuma. Sensa ya presha itakuambia ukweli wake siku ya kwanza chini ya mzigo. Mafuta yaliyochakachuliwa ni kesi nyingine, hayo presha haiyaoni kabisa: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inapita kwenye pampu vizuri tu, ila oktani imeshuka na injini inagonga. Tangu EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walipoanza kuweka vinasaba vya kutambua mafuta halali mwaka 2010 hali ni tofauti na ilivyokuwa, lakini kwa safari ndefu bado naacha nafasi kidogo kwenye muda wa cheche na naiacha sensa ya kugonga ifanye kazi yake.

Magari mapya, kama Forester ya turbo yenye kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, yamekuja na sensa ya presha ya reli kutoka kiwandani, kwa sababu bila hiyo mfumo wenyewe hauwezi kufanya kazi. Presha ikishuka, kompyuta inapunguza nguvu na kuandika P0087, namba ya hitilafu ya presha ndogo ya mafuta. Ukikuta fundi anafuta namba hiyo kila wiki bila kupima pampu, badilisha fundi.

Mwisho, jaribu ulinzi kabla hujauhitaji. Wengi wanaweka namba kwenye laptopu na kuondoka. Mimi naupima bila kuiweka injini hatarini: tunatoka barabarani asubuhi Jumapili, gia ya tatu, mguu nusu, ndipo napandisha kiwango cha kukata kwa muda hadi bar 3.3, juu ya tofauti halali. Injini ina afya njema na mafuta yake yote, lakini kontroboksi inadhani kuna upungufu, kwa hiyo lazima ikate. Mwenye gari anasikia jinsi inavyokata, anaona taa ni ipi, anajua gari litabaki na nguvu kiasi gani. Kisha nachomoa plagi ya sensa injini ikiwa inaunguruma, kuona kama inatambua kwamba sensa ndiyo imekufa. Halafu narudisha namba zote, nahifadhi faili, nampa nakala kwenye flashi. Hapo ndipo naweza kumsikiliza habari za hosipawa.